Nani ana ruhusa ya kusimamisha mechi?

Barua ya wazi kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu, Wakuu wa Vyuo vya Ualimu na vyuo vya kati, na Washauri wa Wanafunzi wa Kanda ya Ziwa

Waheshimiwa,

Najua barua hii inawakuta na orodha za udahili, vitanda vya hosteli visivyotosha na simu za wazazi zisizokatika. Naomba mnisikilize hata hivyo, kwa kuwa jambo ninaloliandika lina msimu wake, na msimu huo huanza siku zilezile tunazofungua vyuo.

Vuli ya kwetu huingia Oktoba. Vyuo vikuu vingi hufungua Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anashuka stendi ya Nyegezi na begi lake akitoka Mtwara au Singida, hajui maktaba iko upande gani, na mawingu yameshaanza kujipanga juu ya ziwa. Hajui kwamba amehamia ukanda wenye radi nyingi kuliko karibu sehemu zote za dunia. Sisi tunajua. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za miaka 16, uliitaja Kabare, Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake: zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kutoka Kabare hadi Bukoba si mbali. Nasi tuna kitovu chetu wenyewe, ziwa hili tunalolitazama kila siku.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inalipitia. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo hutoka ziwani ukaingia nchi kavu, hewa yenye unyevu hupanda, na alasiri mawingu makubwa yananguruma juu ya vichwa vyetu. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu hushuka ziwani kutoka kila upande, unakutana katikati ya maji, na dhoruba huzuka huko usiku wa manane hadi alfajiri. Kisha upepo wa mashariki huzisukuma dhoruba hizo, ndiyo maana watu wa Bukoba huamshwa na ngurumo asubuhi. Wavuvi wanayajua haya kuliko profesa yeyote, maana maisha yao yanategemea kuyajua. Ratiba za vyuo vyetu hazijui. Mechi tunaziweka saa kumi jioni. Mikutano ya kampeni za serikali ya wanafunzi, mazoezi ya kwaya kwenye ngazi, somo la vitendo shambani, vyote tunavirundika alasiri, saa ambazo wingu limeiva.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nawafundisha vijana watakaokwenda kuwa walimu, na sehemu ya mtaala wangu ni umeme tuli. Kila mwaka nachora ubaoni wingu lenye chaji hasi chini yake na chaji chanya juu yake, na kila mwaka wanafunzi wananiuliza kuhusu Geita. Oktoba 2020 radi iliua wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi Emaco Vision. Januari 27, 2025, iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, na kujeruhi makumi ya wengine. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, Juni 2011 watoto 18 walikufa katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo. Novemba 2, 2024, watu 14 walikufa katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, wakiwa wamekusanyika kwa ibada ndani ya banda la mabati. Sisemi kwamba kuna mtu alizembea mahali popote kati ya hapo. Sikuwepo na sina haki ya kuhukumu. Ninachosema ni kwamba vijana wetu hukusanyika makundi makubwa zaidi ya hayo, katika mabanda yaleyale na chini ya mawingu yaleyale, na hatujawaambia la kufanya.

Tena hatujawaruhusu kulifanya, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Mchukueni kijana aliye katikati ya mtihani wa mwisho wa muhula katika ukumbi wa wazi pembeni, wenye paa la bati na nguzo za chuma. Ngurumo imekaribia. Anajua fizikia yake vizuri. Mimi ndiye niliyemfundisha. Je, atanyanyuka? Hatanyanyuka, kwa sababu kutoka ukumbini bila ruhusa ni kosa la mtihani, na kosa la mtihani linaweza kumfukuzisha chuo. Msimamizi naye hatawaambia watoke, kwa sababu hakuna karatasi inayompa mamlaka hayo, na kesho ataulizwa kwa nini maswali yalitoka nje ya ukumbi. Mwamuzi wa mechi ya mwaka wa pili na wa tatu ni mwanafunzi mwenzao. Akipuliza filimbi watazamaji watamzomea kwamba timu yake ilikuwa inafungwa. Kiongozi wa darasa anayezungusha karatasi ya mahudhurio hawezi kuifuta ile kanuni ya kuhudhuria kwa asilimia fulani ya vipindi. Kwa hiyo msichana aliyepanga chumba mtaani, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka chuoni, anafunga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, anavuka uwanja mtupu huku radi inapiga, na anafika darasani amelowa chapachapa akasaini jina lake. Tunamhesabu kuwa mwanafunzi mwenye nidhamu.

Ruhusa hiyo hawezi kuitoa mtu mwingine ila ninyi, na inapaswa kutolewa kabla ya wingu, kwa maandishi, kwa watu walio karibu na hatari. Mkuu wa chuo hayupo uwanjani saa kumi na nusu jioni. Huenda yuko Dodoma kwenye kikao. Askari wa getini yupo, mwamuzi yupo, msimamizi wa mtihani yupo, kiongozi wa darasa yupo, fundi wa maabara yupo. Naomba muwape waraka wenye saini yenu unaosema mambo mawili: kwamba yeyote kati yao akisikia ngurumo anaweza kusimamisha shughuli yoyote ya nje bila kumpigia mtu simu, na kwamba hakuna mwanafunzi atakayepoteza alama, hudhurio wala mtihani kwa kutii agizo hilo. La pili lina uzito kuliko la kwanza.

Kwa nini ngurumo, na si mvua? Watu wengi hungoja matone. Lakini radi inaweza kutua zaidi ya kilomita 10 kutoka mahali mvua inaponyesha, na wengi hupigwa kabla mvua haijafika au wakati imekwisha na wao wamerudi kuendelea na mechi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu kati ya mmweko na mlio ni kilomita moja. Ukihesabu sekunde 30, dhoruba iko umbali wa kilomita 10 hivi, na kwa radi umbali huo ni hatua moja tu. Ngurumo yenyewe ni nadra kusikika mbali kuliko kilomita 15. Maana yake ni nyepesi kiasi cha kueleweka na mtu yeyote: ukiisikia, uko ndani ya duara lake. Acha ulichokuwa unafanya, ingia ndani ya jengo imara, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikilia nyingine dakika ya 28, hesabu inaanza upya.

Vyuo vya Marekani vimekuwa vikifanya hivyo kwa miaka mingi. Mwongozo wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu huko, unataka mechi isimame na isirudi hadi dakika 30 zipite, hata kama viwanja vimejaa maelfu ya watu waliokata tiketi na televisheni inarusha moja kwa moja. Kama mechi ya namna hiyo inaweza kungoja, mechi yetu ya kuwania mbuzi inaweza kungoja. Na huko matokeo yameonekana: katika miaka ya 1940 radi iliua mamia ya Wamarekani kila mwaka, ilhali miaka ya karibuni ni chini ya 30, ingawa idadi ya watu imeongezeka zaidi ya maradufu. Anga lao halikupoa. Watu walihama kutoka mashambani, wakajenga nyumba zenye nyaya na mabomba, wakafundishwa kuingia ndani, wakajua kumwamsha aliyezimia.

Sasa, kuingia ndani ni kuingia wapi? Hapa naomba tutembee pamoja chuoni kwenu.

Tuanze kwenye vimbweta. Karibu kila chuo nchini kina meza na viti vyake vya zege chini ya miti mikubwa, na ndipo masomo halisi yanapofanyika, vijana kumi wamezunguka karatasi za mitihani ya zamani. Mvua ikianza wanasogea zaidi kwenye shina la mti ili wasilowe. Hakuna mahali pabaya kuliko hapo. Radi ikiupiga mti, sehemu ya umeme huruka kutoka kwenye shina kumfuata mtu aliye karibu, kwa kuwa mwili wa binadamu hupitisha umeme vizuri kuliko ubao. Sehemu nyingine hushuka mizizini na kutambaa ardhini pande zote. Umeme huo wa ardhini huingia mguu mmoja na kutokea wa pili, na kwa makadirio ya madaktari wanaoshughulikia radi, ndio unaosababisha takribani nusu ya majeruhi wote. Wanaopigwa moja kwa moja kichwani ni wachache sana. Wafugaji wa Usukumani wameliona hili bila kuingia maabara: ng'ombe wengi wamelala wafu chini ya mti mmoja, kwa sababu miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, na tofauti ya volti kati yake ni kubwa. Kuchuchumaa hakumwokoi mtu. Raba za viatu hazimwokoi. Kinachomwokoa ni kuondoka.

Tutoke kwenye vimbweta twende kwenye banda la mama lishe nje ya geti, kisha kwenye kituo cha bodaboda, kisha kwenye jukwaa la uwanjani lenye bati juu na pande wazi. Vyote vinazuia mvua na haviwezi kuzuia radi. Jengo linalofaa ni lile lenye kuta nne, lenye nondo ndani ya zege, lenye nyaya za umeme na mabomba ya maji yanayoshuka ardhini, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoupa umeme njia nyingine ya kupita nje ya mwili wa mtu. Maktaba ya ghorofa inafaa. Jengo la utawala linafaa. Basi la chuo lenye bodi la chuma na vioo vilivyofungwa linafaa pia, hata daladala. Bajaji na bodaboda hazifai. Naomba kila chuo kiyataje majengo hayo kwa majina, kiyapake alama mlangoni, na kiwaagize walinzi kwamba ngurumo ikilia milango hiyo haifungwi kwa mtu yeyote, hata kama ni Jumapili, hata kama hana kitambulisho, hata kama ni mama lishe na sufuria yake.

Nalisema hili la walinzi kwa uchungu, kwa sababu katika vyuo vingi jengo imara kuliko yote ndilo ambalo mwanafunzi haruhusiwi kuingia.

Ndani ya jengo kazi haijaisha. Mabweni yetu yana vitanda vya chuma vya dabodeka, mara nyingi vimesukumwa hadi kwenye dirisha lenye nondo, na juu yake kuna ekstensheni moja inayochaji simu tisa. Radi ikipiga nguzo ya umeme jirani, huingia kwa waya. Simu yenyewe haivuti radi, na naomba uvumi huo uzikwe. Hatari ni kuishika ikiwa imechomekwa ukutani. Vitanda visogezwe mbali na madirisha. Ngurumo ikiwa karibu, mtu asishike bomba, swichi wala nondo, na asiegemee ukuta wa zege. Haya yote yanaingia kwenye karatasi moja ya kubandika nyuma ya mlango wa chumba.

Vizuia radi ni jambo la fedha, na nalijua bajeti ya chuo cha umma ilivyo. Lakini nina neno la kitaalamu ambalo huenda mkandarasi wenu hakuwaambia. Kizuia radi, au mtego wa radi kama wengi tunavyouita, hakifukuzi radi. Kazi yake ni kuipokea juu ya paa na kuishusha ardhini kwa waya mnene, kwa hiyo uhai wake uko chini, ardhini, mahali wakaguzi hawaangalii. Ukinzani wa ardhi pale waya unapoingia unatakiwa uwe omu 10 au chini yake. Mwanza ni mji wa miamba. Sehemu nyingi vyuo vyetu vimekaa juu ya matale, udongo wake ni kina cha kiganja, na ukichomeka fimbo moja ya shaba hapo hupati omu 10 hata kwa dawa. Penye mwamba inafaa kuzungusha mkanda wa shaba kulizunguka jengo zima, ukiwa umefukiwa, ili umeme usambae sawasawa na watu waliosimama barazani wasipate tofauti ya volti kati ya miguu yao. Kisha upimwe kila mwaka, hasa mwisho wa kiangazi udongo ukiwa mkavu. Na ulindwe. Nimekagua majengo ambayo fimbo bado inang'aa juu ya paa, lakini waya wa shaba wa kushukia umekatwa na kuuzwa chuma chakavu. Fimbo iliyokatwa waya inaipokea radi na kuiachia ndani ya jengo. Ni heri paa lisilo na fimbo.

Kama fedha zinatosha jengo moja mwaka huu, naomba liwe bweni. Radi za usiku huwakuta vijana wamelala pamoja kwa mamia. Runyanya, shule niliyoitaja hapo juu, ilikuja kuwekewa kinga na ACLENet, mtandao wa Afrika wa wataalamu wa radi wenye makao Kampala. Hawako mbali nasi. Uzoefu wao wa kuweka kinga katika shule zenye majengo kama yetu, kwa gharama inayobebeka, uko ng'ambo ya ziwa tu, nasi hatujaenda kuuomba.

Kuhusu utabiri sina mengi ya kusema, kwa sababu kazi kubwa imeshafanywa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mwanza, na hutoa taarifa za siku tano zenye ngazi zinazoeleweka: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Taarifa hizo zinafika kwenye simu za wengi wetu asubuhi. Tatizo ni kwamba chuoni haziwi kazi ya mtu. Mteueni mmoja, mwenye jina na namba inayojulikana, azisome kila asubuhi na kuzituma kwa viongozi wa madarasa kabla ya saa mbili. Siku ya tahadhari mechi ziahirishwe mchana kweupe, si wakati timu ziko uwanjani. Upepo mkali unaoezua mabati na kuangusha miti utakuwa umeshughulikiwa kwa njia hiyohiyo. Pia kumbukeni wanafunzi viziwi, ambao hawatasikia ngurumo wala filimbi, na wenye baiskeli za magurudumu, ambao hawawezi kukimbia kupanda ngazi za maktaba. Kila mmoja wao apangiwe mwenzake, na jengo la kukimbilia liwe na njia ya kupanda bila ngazi.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi, kwa kuwa halihitaji fedha kabisa.

Mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Anaweza kuguswa mara moja. Mara nyingi kinachomuua ni moyo kusimama na pumzi kukatika, na mara nyingi moyo huo uko tayari kurudi endapo mtu atakandamiza kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kumpulizia pumzi. Katika ajali yenye majeruhi wengi tunafundishwa kuwaendea kwanza wanaopumua na kumwacha anayeonekana amekufa. Kwenye radi ni kinyume. Anayelia anaishi, anayehitaji mikono yako sasa hivi ni yule aliyenyamaza kimya na kuonekana amekufa. Lakini watu wetu huogopa kumgusa. Wanasimama mbali, wanamwita mzee wa kuja kumwondolea kitu kilichomwingia, na dakika ambazo angeweza kuokolewa zinakwisha watu wakiwa wamemzunguka. Zahanati ya chuo inaweza kuwafundisha viongozi wote wa madarasa, walinzi na waamuzi kwa alasiri moja, kwa mwanasesere mmoja, au hata kwa mto wa kulalia kama mwanasesere hakuna. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji iandikwe kila ukuta, ila ijulikane kwamba gari halitafika ndani ya dakika nne, na mikono ya jirani ipo.

Wanaopona nao wana haki kwenu. Radi hupasua ngoma za masikio, huleta kichwa kinachouma kwa miezi, usingizi kukatika, kusahau, kushindwa kutuliza akili juu ya ukurasa mmoja. Kwa nje mtu anaonekana mzima. Kijana wa namna hiyo akirudi darasani baada ya wiki mbili na kufeli masomo matatu, kanuni zetu zitamwita mzembe. Naomba kanuni zimtambue kama mgonjwa: aahirishiwe mitihani bila kupoteza mwaka wala mkopo wake, na asiachiwe azunguke ofisi saba kutafuta mihuri.

Kuna jambo ambalo wakuu wengi hukwepa kulisema hadharani, nami nitalisema kwa heshima. Huku kwetu radi ina maelezo mengine. Tumekua tukifunika vioo kwa kanga, tukivua nguo nyekundu, tukinong'onezana kuhusu fulani anayeituma. Oktoba 1998 vyombo vya habari viliripoti kutoka Kasai, Kongo, kwamba radi imeua wachezaji wote 11 wa timu moja uwanjani na kuwaacha wazima wale wa timu ya pili; mabishano yaliyofuata hayakuwa juu ya wingu, yalikuwa juu ya nani amemroga nani. Sidharau imani ya mtu. Lakini Kanda ya Ziwa ina vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na kila kifo cha ghafla kisichoelezwa ni hatari kwa bibi fulani mwenye macho mekundu ya moshi wa kuni. Chuo kikinyamaza baada ya radi kupiga, maelezo yatatafutwa kwingine. Ndiyo maana nataka siku hiyohiyo, kabla ya jioni, mwalimu wa fizikia na daktari wa zahanati wasimame mbele ya wanafunzi waeleze kilichotokea: umeme uliingilia wapi, ulipita wapi, kwa nini huyu alipigwa na yule akasalimika. Vijana wana haki ya kuelezwa, na yule bibi kijijini ana haki ya kuishi.

Nawaomba hasa ninyi wakuu wa vyuo vya ualimu mlitazame jambo hili kwa upana wake. Kijana aliye kwenye kimbweta chenu leo, baada ya miaka miwili au mitatu atakuwa amesimama Bukombe, Ukerewe, Ngara au Maswa mbele ya watoto 90, peke yake, bila rada, bila zahanati karibu. Kama chuoni aliona mechi ikisimama kwa filimbi ya mwanafunzi mwenzake na hakuna aliyezomea, atasimamisha ya watoto wake bila kungoja mwalimu mkuu. Kama aliona mtihani ukiahirishwa nusu saa na dunia ikaendelea, atawatoa watoto chini ya mwembe na kuwapeleka kwenye darasa lenye zege. Hakuna semina ya wizara inayoweza kufika katika shule zote hizo haraka kuliko walimu wapya mnaowapeleka kila mwaka.

Waraka wa ruhusa ni ukurasa mmoja. Unaweza kusainiwa wiki hii na kusomwa kwa sauti katika wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, kila kundi likiongozwa hadi kwenye jengo lake la kukimbilia na kuuona mlango wake. Mafunzo ya kukandamiza kifua yanaweza kufanyika kabla Oktoba haijaisha. Mkanda wa shaba utangoja bajeti, lakini kipimo hakingoji: mimi na wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho tuna kifaa cha kupimia ukinzani wa ardhi, na tuko tayari kuja Jumamosi yoyote katika chuo chochote kati ya Tarime na Biharamulo kupima vizuia radi vyenu na kuwaachia ripoti, bila malipo. Tunachohitaji ni nauli, funguo za paa, na fundi wenu mmoja wa kutuonyesha waya uliposhukia.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa fizikia, Mwanza